Doti Doti Slashi

Mtu aliyenifundisha hesabu kidato cha tatu ndiye niliyekuja kukaa naye meza moja miaka kumi baadaye, mimi nikiwa na shahada ya kompyuta na yeye akiwa na cheti chake kilekile cha ualimu. Alikuwa ameacha kufundisha, akajifunza kuandika programu peke yake kwa vitabu vya kuazima, na nilipofika kazini nikitokea chuoni Dodoma, nusu ya mfumo tuliokuwa tunautunza ilikuwa kazi ya mikono yake.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, mjini Kigoma, dirisha likitazama reli na kipande cha ziwa nyuma ya maghala ya bandari. Tulikuwa wanne: meneja wetu, ambaye ni mama aliyehamia kutoka Iringa; kaka mmoja aliyesomea Mwanza, mwepesi wa kazi na mwepesi wa maneno; Mwalimu; na mimi. Mfumo wetu ulihudumia zahanati za mwambao, zile ambazo barabara haifiki. Muuguzi aliingiza maagizo ya dawa kwenye simu, maagizo yakaja kwetu, na kila wiki mfumo ukatoa orodha ya mzigo kwa boti inayopita vijiji hivyo.

Nilimwita Mwalimu kama zamani. Yeye aliniita binti, kama alivyowaita wasichana wote wa darasa letu, na siku ya kwanza nilipomwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," alijibu, "Marahaba, binti. Umeacha kuandika saba zako kama moja?" Nilicheka. Nilikuwa sijaacha.

Lazima nieleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Programu, au msimbo kama tunavyoyaita maandishi yake, haiandikwi kwenye faili moja. Inagawanywa kwenye faili nyingi, kila moja na kazi yake, na faili moja ikihitaji kitu kilichomo kwenye nyingine, inakiita. Miito hiyo huandikwa juu kabisa, katika mistari ya kwanza. Kuna namna mbili za kuita. Ya kwanza ni kutaja anwani nzima kuanzia mlangoni: mfumo, kisha zahanati, kisha orodha. Ya pili ni kuelekeza kwa hatua kutoka pale ulipo: rudi nyuma folda moja, rudi nyingine, halafu ingia humu. Kila kurudi nyuma kunaandikwa kwa nukta mbili na mkwaju, doti doti slashi kwa Kizungu. Kompyuta inafika kwa njia yoyote kati ya hizo.

Mwalimu aliandika anwani nzima siku zote. Mimi na kaka wa Mwanza tuliandika hatua, kwa sababu ndivyo tulivyozoea na kwa sababu ni fupi. Hatukuwahi kugombana juu ya hilo. Lilikuwa jambo dogo, kama mmoja kuanza kufunga vifungo vya shati kutoka juu na mwingine kutoka chini.

Sikuona macho ya Mwalimu yakiondoka. Nasema hivi nikijua tulikaa meza moja. Niliona tu kwamba herufi kwenye skrini yake zilizidi kuwa kubwa, mpaka mstari mmoja ukawa unabeba maneno matatu. Niliona anashuka ngazi akigusa ukuta. Asubuhi moja nilikutana naye Kibirizi, kwenye soko la dagaa pale boti zinapotia nanga, nikapita mbele yake kabisa nikitabasamu, naye akanipita kama hanijui. Nilihisi nimemkosea kitu. Nilikaa siku mbili nikijiuliza ni nini, kisha siku ya tatu meneja akatukusanya na Mwalimu akasema mwenyewe.

"Nina presha ya macho," alisema. "Nimekwenda hospitali kubwa wakanipima. Kilichokwisha hakirudi. Kilichobaki wanajaribu kukishikilia kwa dawa za matone, lakini hawajaniahidi." Alisema hivyo kwa sauti aliyokuwa akitumia kutangaza mtihani. Halafu akaongeza, "Kazi nitaifanya. Nitaifanya kwa masikio."

Aliweka kwenye kompyuta yake programu inayosoma skrini kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya Kizungu, ya mwanamume mwenye haraka, na ilipokutana na maneno yetu ya Kiswahili iliyavunjavunja vibaya. Neno zahanati ilichukua muda mpaka tukalitambua. Wiki ya kwanza tulicheka sote, yeye akiwa wa kwanza. Baada ya hapo alivaa vifaa vya masikioni na kicheko kikaisha, na mimi nikawa naona mtu aliyeinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, midomo ikimsogea, akirudia anachoambiwa.

Siku moja alinivua mimi vyangu nilivyokuwa nikisikilizia muziki akanivika vyake. "Sikiliza," alisema.

Ile sauti ilikuwa inasoma faili niliyoiandika mimi. Doti doti slashi doti doti slashi doti doti slashi orodha. Mstari wa pili, doti doti slashi doti doti slashi vipimo. Wa tatu, doti doti slashi. Ilienda hivyo mistari kumi na zaidi, bila kupumua, kama mtu anayegonga bati.

"Nikisikia hivyo," alisema Mwalimu, "inabidi nikumbuke nimesimama folda gani, nihesabu nimerudi mara ngapi, halafu nijue nimefika wapi. Nikikosea mara moja, najikuta chumba cha watu wengine. Nyie mnaangalia pembeni mnaona folda zote zimepangwa. Mimi sioni pembeni."

"Pole, Mwalimu. Nitaandika anwani nzima."

"Wote mwandike. Si kwangu tu, msimbo wote."

Meneja aliafiki, kaka wa Mwanza aliafiki. Mimi niliandika kwenye karatasi kwa kalamu nene, ANWANI NZIMA, nikaibandika ukutani. Leo nikikumbuka karatasi ile nasikia haya. Nilimbandikia mtu asiyeona tangazo la ahadi yetu kwake.

Tulishika ahadi labda wiki mbili. Kisha kaka akaisahau, kwa sababu kihariri chake, programu anayoandikia kazi, kilikuwa kinajiandikia miito chenyewe na kilijiandikia kwa hatua. Nilipomkumbusha alisema, "Dada, sikuandika mimi, imejiandika." Kisha nikaanza kusahau na mimi. Hakuna siku niliyoamua kuvunja ahadi. Nilikuwa na haraka Jumatatu, nilikuwa na haraka Jumanne. Na Mwalimu hakusema kitu. Miezi ikapita ndipo nilipotazama kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayoonyesha nani kabadili nini na saa ngapi, nikaona kwamba alikuwa anafika kazini mapema kabla yetu na kubadilisha miito yetu mmoja mmoja, kimyakimya. Sisi tunaandika mchana, yeye anarekebisha asubuhi, sisi tunaandika tena.

Niliiona kumbukumbu hiyo baada ya kosa, si kabla.

Kosa lilikuwa hivi. Tulikuwa na orodha mbili za zahanati zenye jina moja. Moja ilikuwa ya kweli. Nyingine ilikuwa ya majaribio, ambayo wauguzi wapya waliitumia kujifunza kuagiza. Maagizo yake hayakwenda popote. Faili zote mbili ziliitwa orodha, kila moja kwenye folda yake. Zahanati mpya ilikuwa imefunguliwa katika kijiji kimoja cha kaskazini, nyuma ya vilima, na Mwalimu alipewa kazi ya kuiingiza mfumoni. Alifungua faili ambayo mimi nilikuwa nimeiandika, akafuata mwito wangu kwa sikio, doti doti slashi, akahesabu hatua mbili pale palipokuwa na tatu. Akaingia kwenye orodha ya majaribio. Akaiandika zahanati humo.

Kwa utaratibu wetu hakuna badiliko linalopita bila mwenzako kulisoma na kuliidhinisha. La Mwalimu lilikuja kwangu. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nasubiriwa Kidahwe kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu, na nilipoona jina lake nilijiambia, Mwalimu hakosei. Nikabonyeza kuidhinisha bila kufungua. Ningefungua ningeona jina la folda. Lilikuwa pale, mstari wa juu kabisa.

Muuguzi wa kijiji kile aliagiza dawa kama alivyofundishwa. Simu ilimwambia agizo limepokelewa. Wiki hiyo boti ilipita bila kusimama. Wiki iliyofuata ikapita tena. Ndipo akapiga simu ofisini, na mimi ndiye niliyepokea.

"Dada, mimi ni muuguzi wa zahanati mpya," alisema, akinitajia kijiji. Nyuma yake kulikuwa na upepo na sauti za watoto. "Nimesimama ufukweni na boksi tupu mkononi. Nawapungia mkono, wananipungia, wanapita. Kwani sisi tumewakosea nini?"

"Umeagiza, dada?"

"Nimeagiza mara mbili. Mseto wa malaria umekwisha. Vipimo vimekwisha. Watoto wana homa, nawaambia mama zao wapande mitumbwi waende kijiji cha pili. Na ziwa lenyewe mnalijua msimu huu."

Tulituma boti siku ileile. Kisha meneja akaketi na sisi kutafuta lilipotokea tatizo, na haikuchukua muda. Badiliko lilikuwa na jina la Mwalimu.

Kwenye kikao kile meneja hakufoka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeumia. Alisema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Lakini hizi ni dawa. Siwezi kukuacha uendelee kugusa orodha ilhali huoni unaandika wapi."

"Ni kweli nimekosea," alijibu Mwalimu. "Nilihesabu vibaya."

"Hakuna anayekulaumu. Ni macho."

Kaka wa Mwanza alitazama chini. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya Mwalimu, kiwiko changu karibu kiguse chake. Jina langu lilikuwa pale kwenye skrini ya meneja, herufi ndogo chini ya jina la Mwalimu, baada ya maneno "imeidhinishwa na". Meneja hakulisoma kwa sauti. Labda hakuliona. Mimi nililiona, na nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kikao kikiisha, na kikao kilipokwisha watu walikuwa wameshasimama.

Mwalimu aliondolewa kwenye kazi ya kuandika. Akapewa simu, awe anapokea wauguzi wanaopiga kuulizia. Alihamishiwa meza ndogo karibu na mlango. Kutwa nzima nilimsikia akisema, "Haloo, karibu, mfumo wa dawa," kwa adabu ileile, na kila aliposema hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Nilikaa hivyo siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishowe, Jumapili moja baada ya ibada, nilichukua bajaji mpaka Ujiji, nyumbani kwake. Mke wake alinipokea, akanikalisha barazani, akasema nisiondoke kabla ya kula kwa kuwa kuna samaki aina ya mgebuka aliowakaanga kwa mawese na ugali wa muhogo uko jikoni. Mwalimu alitoka akipapasa fremu ya mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umekuja kuungama?"

Alikaa, akanyoosha kanzu yake magotini.

"Jina lako nililisikia siku ileile," alisema. "Ile sauti haina siri, inasoma kila kitu. Iliidhinishwa na fulani, saa fulani. Nikasema, huyu hakufungua."

"Sikufungua, Mwalimu. Na mwito ule ulikuwa wangu. Nilikuahidi, nikaandika vilevile. Halafu kikaoni nikanyamaza."

"Ndiyo."

Nilitarajia aseme hapana, usijali. Hakusema. Mke wake alileta maji ya kunawa, akaona nyuso zetu, akayaweka chini na kurudi ndani.

"Nitakugawia alama," alisema Mwalimu. "Kuhesabu vibaya ni kwangu, usininyang'anye. Kutosoma ni kwako. Kunyamaza ni kwako pia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Zile hatua ni zetu sote pale ofisini, maana mimi nilijua mmerudia nikawa narekebisha kimyakimya badala ya kusema. Niliona aibu kuomba mara ya pili."

Nilianza kulia. Nilimwambia kuanzia siku ile nitakumbuka, nitaandika anwani nzima katika kila faili, naapa.

"Usiape," alisema. "Ukisema utakumbuka, utakumbuka mpaka Jumatano. Nimefundisha watoto miaka yote ile, nakuambia. Mkaguzi yule tunaye kwa kazi gani?"

Mkaguzi tulimwita hivyo kwa mazoea, lakini si mtu. Ni programu inayopitia tulichoandika kabla hakijapokelewa na kutafuta makosa ya kawaida: mabano yasiyofungwa, kitu kilichotajwa na hakitumiki. Ikipata kosa, kazi yako inarudi. Unaweza kuiongezea kanuni zako mwenyewe.

"Mwandikie kanuni," alisema Mwalimu. "Mwito wowote wenye doti doti, arudishe. Asikumbuke, asisahau, asimwonee mtu huruma. Haya, nawa, tule."

Niliandika kanuni ile Jumatatu. Yenyewe ilikuwa fupi, mistari michache tu. Kilichokuwa kirefu ni kilichofuata. Nilipoiwasha kwa mara ya kwanza, skrini ilijaa nyekundu kuanzia juu mpaka chini na ikaendelea kushuka. Kila wekundu ulikuwa mwito, na kwa kila mwito nilijua mkono ulioandika. Miito yangu ilikuwa mingi kuliko ya kaka. Nilianza kurekebisha mmoja mmoja, nikitumia saa ya chakula na asubuhi kabla ya kazi, saa ileile ambayo Mwalimu alikuwa akiitumia. Ingewezekana kutumia zana ya kuibadilisha yote kwa mkupuo. Nilitaka kuona kila mmoja unakokwenda. Na katika kuona hivyo nilikuta sehemu mbili nyingine ambapo mwenye macho yake mazima, yaani mimi, alikuwa ameita orodha isiyo yake.

Kanuni ikikataa huonyesha ujumbe, na ujumbe huo unauandika mwenyewe. Nilikuwa nimeandika: Andika anwani nzima. Kuna mtu anasikiliza. Niliona nimefanya jambo zuri. Nilimpelekea Mwalimu kwenye meza yake ya simu, nikamsomea.

"Toa hiyo sentensi ya pili," alisema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Siku nikiondoka, watasema hakuna anayesikiliza tena, wataizima. Weka sababu itakayobaki."

Nikaandika: Andika anwani nzima. Faili mbili zinaweza kuwa na jina moja. Akatikisa kichwa kukubali. Simu ikaita, akaipokea.

Kaka wa Mwanza alivumilia siku tatu. Siku ya nne, jioni wakati watu wanafunga mabegi, mkaguzi aliirudisha kazi yake, naye alikuwa amemwahidi meneja kwamba itakuwa imepokelewa kabla hajatoka. Alirekebisha, ikarudi tena. Palikuwa na mwito mwingine chini. Aligeuka kwangu.

"Dada, zima hiki kitu chako nipite, kesho nitaweka sawa."

"Weka sawa sasa, ni mistari minne."

"Programu inafanya kazi! Kompyuta inafika! Unarudisha kazi nzima kwa ajili ya nukta?"

"Ndiyo."

Aliandika juu ya faili lile neno linalomwambia mkaguzi afumbe macho hapa, akatuma. Sikumwidhinishia. Alipandisha sauti, nami nikapandisha, mpaka meneja akatoka kwenye kona yake na kuuliza kuna nini. Kaka alimweleza kwamba nimetunga kanuni ya usumbufu bila kumshirikisha mtu, na kwamba Mwalimu hayupo tena kwenye msimbo kwa hiyo haina maana.

Meneja alinitazama. Mwalimu kule mlangoni alikuwa ameweka mkono wa simu chini.

Nikasema. Sikusema vizuri, maneno yalitoka yamekunjamana. Nilisema kwamba zahanati ile iliingia kwenye orodha ya majaribio kupitia mwito niliouandika mimi baada ya kuahidi sitauandika. Kwamba niliidhinisha bila kufungua. Kwamba tulikaa kikaoni tukayataja macho ya Mwalimu nami nikaacha yatajwe. Kwamba jana tu nimekuta miito yangu miwili iliyokosea njia vilevile, na mimi sina presha ya macho.

Treni ya mizigo ilikuwa inapangwa kule chini, mabehewa yakigongana.

"Kwa nini unaniambia leo?" aliuliza meneja.

"Nilipaswa kusema siku ile, mama."

Alinipa barua ya onyo, na kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kuidhinisha kazi ya mtu yeyote. Niliona ni haki. Kanuni aliiacha. Kaka alikaa chini palepale akarekebisha mistari yake minne, na kabla hajatoka alipita kwa Mwalimu akasema jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulisikia. Kwangu alinuna kama wiki mbili, halafu akaacha.

Mwalimu alirudishwa kuandika, si siku zote. Asubuhi alishika simu, mchana alishika msimbo, na kila badiliko lake lilisomwa na watu wawili. Hakulalamika. Alisema sasa faili zinasomeka kama mtu anayetaja ukoo wake kuanzia kwa babu, unajua moja kwa moja ni wa nyumba gani. Alifanya kazi hivyo kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Matone hayakushikilia kilichobaki. Mwishoni alikuwa anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Mkataba wake ulipokwisha hakuomba mwingine, akarudi Ujiji kukaa.

Baada ya yeye kuondoka nilitumwa kwenye kile kijiji cha kaskazini kubadilisha simu ya zahanati iliyoharibika. Tulitoka Kibirizi asubuhi, ziwa limetulia, milima ya Kongo ikionekana ng'ambo. Muuguzi alikuwa yuleyule. Alinisaidia kushuka, akanipa kiti, na nilipomwambia mimi ndiye niliyepokea simu yake siku ile, aliketi mkabala nami.

"Nilimtuma mama mmoja na mtoto wake kwa mtumbwi," alisema. "Wiki ile ya pili. Ningekuwa na mseto ningempa hapahapa. Walipofika kule mtoto alishaanza degedege. Alipona. Lakini mkono wake wa kushoto hauna nguvu mpaka leo. Mama yake hasemi kitu, ila tangu siku hiyo akija kliniki hanitazami."

Nilimuuliza kama mkono ule ungepona dawa ingekuwepo.

"Sijui," alisema. "Hakuna anayejua, dada. Mimi najiuliza hivyohivyo."

Aliniambia nyumba ya mama yule iko nyuma ya zahanati, nikitaka anipeleke. Nilisema boti inanisubiri. Ilikuwa kweli kwamba boti inasubiri, na ilikuwa kweli pia kwamba niliogopa.

Nilikwenda Ujiji wiki hiyohiyo. Nilifikiri sana kama nimwambie au nimwache apumzike, na nikaona kwamba nimeshanyamaza mara moja. Nilimkuta barazani, redio ndogo mapajani. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alizima redio. Alifunika magoti kwa viganja vyake.

"Mtoto anaitwa nani?" aliuliza.

"Sikuuliza, Mwalimu."

"Hukuuliza."

"Hapana."

Hakunikemea. Alinyoosha mkono upande wangu, kiganja wazi, nikafikiri anataka nimshike. Alikuwa anataka simu. Niliitafuta namba ya muuguzi, nikapiga, nikaiweka kwenye sauti ya juu katikati yetu. Muuguzi aliitikia akihema, alikuwa anatoka kuchota maji. Nilimwambia niko na mzee aliyekuwa akifanya kazi nasi, anaomba kujua jina la yule mtoto.

Alilitaja. Ni jina la kawaida la huku kwetu, la msichana, na sitaliandika hapa. Mwalimu alilirudia mara mbili taratibu. Akauliza ana umri gani, akaambiwa anakaribia kuanza shule. Akauliza anatumia mkono gani kuandika.

"Wa kulia," alisema muuguzi. "Ule mzima."

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu. Alimshukuru, akamwombea heri yeye na watu wa kijijini kwake, akanirudishia simu. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza msikiti wa karibu. Alipapasa chini kwa miguu akitafuta kandambili zake, nami nikainama nikamsogezea.